Sidiria inabana, inapanda au inateleza: tafuta chanzo kabla hujanunua nyingine

Ukisimama kwenye meza ya nguo za ndani, iwe Makoroboi au Mlango Mmoja hapa Mwanza, swali la kwanza ni lile lile: "Namba ngapi, dada?" Ukisema 36, unapewa 36. Ukisema inabana, unapewa 38. Ikibana tena, 40. Herufi iliyoandikwa baada ya namba haitajwi kabisa, na hapo ndipo matatizo mengi ya sidiria yanapoanzia. Namba inahusu mzunguko wa mbavu chini ya titi. Herufi ndiyo inayosema kikombe kina nafasi kiasi gani. Mwanamke anayehitaji kikombe kikubwa akiongezewa namba, kikombe kitatosha, lakini mkanda utalegea, na kuanzia siku hiyo atakuwa mtu wa kuvuta kamba begani kila baada ya hatua kumi.

Tuelewane maneno kwanza. Katika mwongozo huu mkanda ni ule unaozunguka kifua na kufungwa mgongoni kwa kulabu. Kamba ni zile mbili za begani. Waya ni ule chuma uliopinda chini ya kikombe, na daraja ni kile kipande kidogo cha kitambaa kinachounganisha vikombe viwili katikati ya kifua.

Kwanza, ivae nyuma mbele

Jaribio hili halihitaji kifaa chochote. Chukua sidiria unayoilalamikia uivae kinyume: vikombe mgongoni, kulabu mbele. Usipitishe mikono kwenye kamba. Funga safu ya nje kabisa, ile iliyolegea kuliko zote. Sasa mkanda umeshika mbavu peke yake, titi halimo. Pumua kwa nguvu, kaa, inama kama unayeokota kitu.

Mkanda ukitulia, vidole viwili vikapita chini yake lakini ngumi isipite, basi mkanda ni saizi yako. Kama sidiria hiyo hiyo ikivaliwa sawasawa inakubana mpaka unahesabu saa za kurudi nyumbani, kosa ni la kikombe. Titi limekosa nafasi, linasukuma kikombe mbele, kikombe nacho kinauvuta mkanda uingie mwilini. Dawa yake ni kupanda herufi na kuiacha namba ilivyo. Wengi hapa hupanda namba, ndiyo maana tunalianza jaribio hili kabla ya kupima.

Mkanda ukiteleza wenyewe kuelekea kiunoni, ni mkubwa. Ukiwa unakata mwili hata bila titi ndani yake, hapo tu ndipo unaweza kusema namba ni ndogo.

Kupima

Futi ya fundi ina sentimita 150 upande mmoja na inchi 60 upande wa pili. Futi iliyotumika sana huvutika, kwa hiyo ilinganishe na rula ya shule: sentimita 30 za futi zikae sawa na 30 za rula. Usipokuwa na futi, tumia kamba ya viatu au uzi wa katani, weka alama kwa kalamu, kisha uupime kwa rula. Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu uuache, unavutika na utakudanganya kwa sentimita mbili tatu.

Vipimo ni viwili. Cha kwanza, chini ya titi: zungusha futi pale titi linapoishia, iwe usawa mmoja mbele na nyuma (mtu akushikie nyuma, au tumia kioo), toa pumzi yote, kaza kiasi cha kugusa mwili bila kuubonyeza. Cha pili, kifua: pitisha futi juu ya chuchu, usikaze. Mwenye matiti yaliyoshuka au mazito apime mara mbili, mara moja akiwa amesimama na sidiria nyepesi isiyo na sponji, mara nyingine akiwa ameinama mgongo ukawa kama meza. Akipata tofauti, achukue katikati. Ukipima umesimama bila sidiria, titi lililolala juu ya tumbo halihesabiwi lote na utaishia kwenye kikombe kidogo.

Usipime wiki moja kabla ya hedhi, maana matiti hujaa. Siku chache baada ya hedhi kuisha ndipo kipimo kinakaa.

Namba ya mkanda ya sentimita ni rahisi. Chini ya titi ukiwa na 68 hadi 72, mkanda wako ni 70. Kwa 73 hadi 77 ni 75, 78 hadi 82 ni 80, 83 hadi 87 ni 85, 88 hadi 92 ni 90, na 93 hadi 97 ni 95. Kisha toa kipimo cha chini kwenye kipimo cha kifua. Tofauti ndiyo herufi. Kwa saizi za Ulaya, 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D, 20 hadi 22 ni E. Uchina na Japani wanaanzia chini kidogo: A ni 10, B ni 12.5, C ni 15, D ni 17.5, E ni 20. Sidiria nyingi mpya sokoni zimetoka Uchina, kwa hiyo usishangae C ya lebo ya Kichina ikikaa kama B ya Ulaya.

Tuchukue mfano. Mtu ana 79 chini ya titi na 96 kifuani. Tofauti ni 17. Kwa lebo ya Ulaya ni 80C, kwa ya Kichina ni karibu na 80D. Mtu huyu huyu ukimkuta mtaani mara nyingi amevaa 40B, yaani 90B kwa namba ya sentimita. Siyo kwamba amekosea kabisa. Kikombe cha 90B kina nafasi sawa na cha 85C, na sawa na cha 80D. Ukipanda namba moja, kikombe cha herufi ile ile nacho hukua. Amepandishwa namba kwa namba mpaka kikombe kikamtosha. Lakini mkanda wake sasa ni wa mbavu za sentimita 90, na yeye ana 79.

Kutoka hapo inapatikana kanuni utakayoitumia kwenye kila meza: ukishuka namba moja, panda herufi moja; ukipanda namba moja, shuka herufi moja. 38B, 36C na 34D vikombe vyake ni sawa. Zinatofautiana mkanda tu.

Lebo inasema nini

Sidiria nyingi zimeandikwa 34/75, 36/80, 38/85, 40/90, 42/95. Iamini namba ya sentimita. Ile ya inchi ina historia yake: zamani watengenezaji waliongeza inchi 4 juu ya kipimo cha mbavu, na ndiyo maana 36 inakaa pamoja na 80 wakati sentimita 80 ni inchi 31 na nusu tu. Anayejipima kwa inchi akapata 32 kisha akanunua 32 ya lebo ya 32/70, atafungwa kama mzigo. Na si kila kampuni inafuata hesabu ya kuongeza 4, kwa hiyo lebo yenye inchi peke yake haikwambii kitu cha uhakika mpaka umejaribu.

Ukiletewa zawadi na ndugu aliye nje, utakutana na mpangilio mwingine. Ufaransa na Hispania wanaongeza 15 juu ya namba ya Ulaya: 95 yao ni 80. Australia 12 ni 34, 14 ni 36, 16 ni 38. Herufi nazo baada ya D zinaachana njia: Uingereza wanakwenda D, DD, E, F, FF, Marekani D, DD, DDD, Ulaya D, E, F, G. Kwa hiyo DD ya Uingereza ni E ya Ulaya, na DDD ya Marekani ni E ya Uingereza.

Kuhusu mitumba: Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linakataza nguo za ndani za mitumba, sidiria zikiwemo. Kwenye meza bado unaziona. Mbali na katazo na suala la usafi, kuna sababu ya kiufundi ya kuziacha. Lastiki ya mkanda huchoka, na lebo ya 36 kwenye lastiki iliyochoka ni 38 au zaidi.

Nyingine mpya zina namba tu, herufi hakuna. Hizo huwa zimekatwa kwa kikombe kimoja, mara nyingi B. Ukihitaji D, hata upewe kumi ujaribu, zote zitabana.

Meza za sokoni hazina chumba cha kujaribia. Nenda umevaa fulana nyembamba inayobana, ujaribu juu yake, na ubebe futi mkobani. Laza mkanda bila kuuvuta uupime kutoka kulabu hadi vitanzi, kisha uuvute mpaka ukaze. Ukivutwa unapaswa kufika kwenye kipimo chako cha chini ya titi au kukipita kidogo. Ukikifikia bila kuvutwa, utakuwa mlegevu siku ya kwanza. Muuzaji akinung'unika mwache anung'unike, ni hela yako.

Mkanda unapanda mgongoni

Jitazame ubavuni kwenye kioo. Mkanda unatakiwa uwe usawa mmoja kuzunguka mwili, nyuma usiwe juu kuliko mbele. Ukiwa umepinda kama upinde na kupanda kati ya mabega, chanzo ni kimoja kati ya viwili, na mara nyingi viko pamoja: mkanda mkubwa, au kamba zilizofupishwa kupita kiasi zikauvuta mkanda juu.

Legeza kamba mpaka mwisho. Matiti yakishuka yote, mkanda haukuwa unabeba chochote. Uzito wa titi unatakiwa ubebwe zaidi na mkanda, kamba zinashikilia kikombe kisifunuke tu. Shuka namba moja na upande herufi moja. Mkanda ukibaki mlegevu, shuka tena. Kwa aliyezoea kulegea, mkanda sahihi siku mbili za kwanza huonekana unabana. Upime kwa vidole viwili, usiupime kwa mazoea.

Sidiria mpya ifungwe safu ya nje. Safu za ndani ni akiba ya miezi ijayo, lastiki ikianza kuchoka unasogea. Sidiria mpya inayokaa vizuri ikiwa safu ya ndani kabisa haina akiba, ni mkanda mkubwa uliojificha.

Kamba zinakata mabega

Alama nyekundu inayopotea ndani ya nusu saa si neno. Mfereji unaobaki begani hadi asubuhi, maumivu ya shingo, ganzi inayoshuka mkononi, hayo yanatokana na uzito uliohamia kwenye kamba baada ya mkanda kushindwa. Kununua sidiria yenye kamba pana kunapunguza kukata, lakini mzigo unabaki pale pale begani. Rekebisha mkanda kwanza. Kisha fupisha kamba kiasi kwamba kidole kimoja kinapita chini yake begani na kikombe hakiinuki.

Mwenye matiti makubwa achague kamba ya upana wa sentimita mbili au zaidi na mkanda wenye kulabu tatu au nne kwenda chini. Kulabu mbili zimetengenezwa kwa vikombe vidogo.

Kamba zinateleza

Hapa vyanzo ni vingi, vifuate kwa mpangilio. Angalia kwanza kibano cha kurekebishia urefu: kile cha plastiki kikichakaa kinaachia kamba kidogo kidogo siku nzima. Kivute kwa mkono. Kikiteleza bila shida, fundi aishone kamba palepale kwenye urefu unaokufaa. Kibano kikiwa kizima, angalia mkanda, maana mkanda mlegevu hutawanya kamba kuelekea nje. Halafu angalia kikombe: kikombe kikubwa hakijazwi na titi, kamba inabaki haina cha kuishikilia. Hivyo vyote vikiwa sawa, ni mabega yako yanayoteremka. Chagua sidiria ambayo kamba zake nyuma zimekaribiana, au uzibane pamoja mgongoni kwa kipande cha lastiki cha sentimita nne kilichoshonwa katikati yake.

Titi linamwagika juu au kwapani

Ukivaa blauzi ya kubana yanaonekana matiti manne. Kikombe ni kidogo. Lakini kabla ya kuhukumu, vaa vizuri: inama mbele, matiti yaingie kwenye vikombe, funga kulabu, kisha ingiza mkono wa kulia kwenye kikombe cha kushoto uvute titi kutoka kwapani lije mbele, ufanye hivyo na upande wa pili. Simama. Nyama iliyokuwa imebanwa nje ya waya kwapani mara nyingi ni titi, na sasa imerudi mahali pake. Wengi wanaodhani kikombe kinawatosha hugundua hapa kwamba wanahitaji herufi mbili zaidi.

Sponji nene nayo inakula nafasi. Kikombe cha C chenye sponji ya sentimita mbili hakibebi titi la C. Ukiwa mpakani, panda herufi kwenye sidiria za sponji.

Kikombe kina pengo au mkunjo juu

Jibu la haraka ni kwamba kikombe ni kikubwa, na mara nyingine ni kweli. Lakini fanya kwanza ile kazi ya kuvuta titi kutoka kwapani. Pengo linaweza kujaa. Pengo likiendelea juu huku chini na pembeni kumejaa au kunabana, tatizo ni umbo. Titi lililojaa chini na kupungua juu, kama ilivyo kwa wengi baada ya kunyonyesha, halijazi kikombe kirefu kinachofika karibu na kola. Tafuta kikombe kilichokatwa chini zaidi, mdomo wake ukiwa karibu mstari ulionyooka. Kushuka herufi hapa kutaondoa pengo na kuleta waya kukaa juu ya titi.

Sponji ngumu iliyotengenezwa kwa joto haifuati mwili. Kitambaa laini chenye mshono kinasamehe zaidi.

Waya unachoma, au daraja haligusi kifua

Waya sahihi unazunguka titi lote na kukaa kwenye mbavu. Bonyeza kidole pale waya unapoishia kwapani: ukigusa kitu laini, waya umekaa juu ya titi na kikombe ni kidogo. Ukigusa mbavu na bado unachoma, waya ni mrefu au mpana kuliko umbo lako.

Daraja linaloelea mbele ya kifua maana yake matiti yanalisukuma kwa kukosa nafasi. Panda herufi. Isipokuwa kwa mwenye matiti yaliyokaribiana sana: kwake waya wa katikati hupanda juu ya titi hata kikombe kikiwa sawa. Atafute daraja fupi, lisilozidi kimo cha vidole viwili, au avae isiyo na waya.

Waya uliotoboa kitambaa na kuchungulia haurudishwi kwa kusukuma tu, utatoka tena kesho. Usukume ndani, kata kipande cha kitambaa kizito cha sentimita mbili kwa tatu, kikunje mara mbili, kishone kwa mkono juu ya tundu kwa mishono midogo ya karibu karibu. Waya uliovunjika katikati utoe kabisa, na wa upande wa pili pia, uibakize sidiria ya kulalia.

Inapanda mbele ukiinua mikono

Hii ndiyo adha ya wanaobeba. Mama anayejitwisha beseni la dagaa pale Mwaloni Kirumba, au anayeinua ndoo ya maji kichwani akapanda nayo mlima, mikono iko juu na sidiria inabaki imelala juu ya titi. Mkanda mlegevu ndiyo chanzo cha kwanza. Kikombe kidogo ni cha pili: kwa sababu titi halikuingia lote, waya unateleza juu mwili ukinyooka. Unapojaribu sidiria mpya usisimame wima tu kama unapigwa picha ya pasipoti. Inua mikono miwili, inama, jizungushe kiunoni. Ikihama zaidi ya upana wa kidole, iache.

Kwa kazi za namna hii, na kwa anayepanda bodaboda kila siku kwenye barabara za mawe, sidiria ya michezo yenye mkanda mpana wa chini inafaa kuliko ya waya. Nayo inunuliwe kwa kipimo cha chini ya titi. Zile za S, M, L zinafaa kwa vikombe vidogo. Mwenye kikombe cha D na kuendelea atafute yenye namba na herufi.

Vipele, harufu na wekundu chini ya titi

Kabla ya mvua za vuli, joto na unyevu wa ziwa vikikutana, jasho linakaa kwenye mkunjo wa chini ya titi bila kukauka. Sidiria yenye kikombe kidogo au mkanda uliopanda inaliacha titi lilale juu ya ngozi ya tumbo, na hapo ndipo fangasi wanapopata makazi. Ikiwa ngozi ni nyekundu yenye mpaka unaoonekana, inawasha, imezungukwa na vidoa vidogo, mara nyingine imechanika kwenye mkunjo, poda ya mtoto haitaondoa. Osha, kausha kwa kupangusa taratibu, na ununue dawa ya fangasi ya kupaka duka la dawa, uitumie kama ilivyoandikwa hata baada ya ngozi kuonekana imepona. Isipopungua ndani ya wiki mbili, nenda kituo cha afya.

Kitambaa cha pamba kinakunywa jasho lakini kinabaki na maji. Ukivaa siku nzima badilisha mchana. Vipele vidogo vilivyofuata mstari wa lastiki au chuma cha kulabu ni mzio wa kitu hicho, na kipande cha pamba kilichoshonwa ndani kinatosha.

Upande mmoja ni mkubwa

Karibu kila mwanamke ana titi moja kubwa kuliko jingine. Saizi inachaguliwa kwa lile kubwa. Upande mdogo fupisha kamba kidogo au weka sponji nyembamba. Kuchagua kwa lile dogo kunaumiza. Lakini tofauti iliyotokea ghafla, uvimbe, ngozi iliyobonyea kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, haya hayana uhusiano na sidiria. Nenda hospitali ukapimwe bila kusubiri mwezi mwingine. Hospitali ya Bugando ina huduma za saratani kwa Kanda ya Ziwa.

Mjamzito na anayenyonyesha

Wakati wa mimba mbavu hupanuka na mkanda wa zamani unabana. Kiungio cha kulabu, kile kipande kidogo chenye kulabu upande mmoja na vitanzi upande wa pili, kinaongeza sentimita kadhaa bila kununua upya. Hakikisha idadi ya kulabu inalingana na ya sidiria yako. Kumbuka kinaongeza mkanda peke yake, kikombe kinabaki vile vile.

Sidiria ya kunyonyeshea nunua moja au mbili laini mwishoni mwa mimba, nyingine subiri maziwa yatulie, wiki chache baada ya kujifungua. Wiki za mwanzo epuka waya na chochote kinachobonyeza sehemu moja, kwa sababu titi lililojaa likibanwa maziwa huziba, na kuziba kunaweza kuishia kwenye uvimbe wenye homa.

Ilikuwa sawa, sasa imelegea

Kama imelegea ndani ya miezi miwili, tazama inavyofuliwa. Lastiki inauawa na maji ya moto, dawa za kung'arisha zenye klorini, kukamuliwa kwa kusokotwa, na jua. Mtaani kwetu kuna la ziada: kuanika juu ya jiwe. Mawe ya Mabatini na Kitangiri saa nane mchana yanachoma mkono, na sidiria iliyotandazwa pale inaokwa pande mbili. Fua kwa maji ya baridi na sabuni ya mche, bonyeza maji yatoke, anika kivulini penye upepo ukiining'iniza kwa daraja la katikati. Ukiining'iniza kwa kamba, maji yanavuta kamba na kuzirefusha.

Usivae moja siku mbili mfululizo. Lastiki huhitaji muda wa kurudi. Tatu zinazobadilishana zinaishi muda mrefu kuliko moja moja iliyovaliwa mpaka ikaisha.

Anachoweza fundi cherehani

Mkanda uliolegea unafupishwa vizuri. Fundi afumue kile kipande chenye vitanzi na kile chenye kulabu, akate sentimita mbili kila upande, arudishie. Azipunguze pande zote mbili sawa, la sivyo kamba moja itakaa karibu na uti wa mgongo kuliko nyingine. Ajaribishe kabla ya kukata zaidi. Ukipita sentimita mbili na nusu kila upande, kamba husogeana mno nyuma na kikombe huvutwa kwapani. Mshono huu unasimama wima, hauvutiki, kwa hiyo cherehani ya kawaida ya mshono ulionyooka inatosha, apige mara mbili. Kubadilisha lastiki ya ukingo wa chini ni kazi nyingine: inataka mashine ya zigizaga, kwa kuwa mshono ulionyooka hukatika mara lastiki inapovutika.

Kamba zinasogezwa ndani, zinafupishwa, zinabadilishwa. Kikombe kikubwa kinaweza kupunguzwa kwa pensi ndogo (mkunjo ulioshonwa) pembeni kama hakina sponji. Kikombe kidogo hakiongezwi, na fundi anayekuahidi hilo muulize atakitoa wapi kitambaa.